Kikombe cha Ngozi cha Bunduki ya Njuguna

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ya mawe ilinyesha jana yake alasiri, na asubuhi hiyo kulikuwa na baridi na ukungu. Majani machanga ya chai yalikuwa yametoboka na kuning'inia kama matambara. Hapa karibu na Kaplong kila mtu alijua maana yake: hakuna kuchuma kwa wiki mbili, pengine tatu.

Kiptum alisimama mwisho wa shamba lake akaiangalia hasara. Alipogeuka kurudi nyumbani hakuwa akiiwaza chai. Kila mwaka alijiambia kwamba ataitengeneza bunduki ya Njuguna kazi ikipungua, na kila mwaka kazi ilimsaidia kwa kukataa kupungua. Sasa mbingu zenyewe zilikuwa zimemnyang'anya kisingizio.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ya zamani, isiyotumia baruti. Unaukunja mtutu, springi inajikaza ndani, unatia kijirisasi, unafunga. Ukivuta, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inakirusha kijirisasi. Njuguna, aliyekuwa na duka la misumari na mabati pale Kaplong, aliinunua kwa meneja mmoja wa mashamba makubwa ya chai aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, akapewa cheti chake na polisi. Aliitumia kwa panya wa stoo. Jumapili, baada ya kanisa, yeye na Kiptum walipanga vifuniko vya soda juu ya ua na kushindana mpaka ng'ombe warudi.

"Hayo macho Mungu alikupa ya kutafuta ndama," Njuguna alimwambia kila alipokosa.

"Na yako ni ya kuhesabu misumari. Piga, wacha mdomo."

Januari 2008, watu walipofukuzana kwa ukabila baada ya uchaguzi, Njuguna alipakia mke na watoto kwenye lori la kuazima waende Ol Kalou. Kabla ya kupanda alikuja kwa Kiptum na kitu kimefungwa kwa blanketi.

"Niwekee. Wakinipata nayo njiani wataniua nayo."

"Imeingia kwangu," Kiptum alisema. "Utaikuta vile ulivyoiacha."

Akaiweka mahali pa heshima kuliko pote, darini juu ya jiko la kuni, pale watu wa huku wanapoweka mbegu ya mahindi na kila kitu wasichotaka kiliwe na wadudu. Moshi hulinda. Na kweli ulilinda: mbao haikutobolewa, chuma hakikushika kutu. Lakini ndani ya bunduki hiyo, kwenye kichwa cha pistoni, kuna kikombe kidogo cha ngozi kinachozuia hewa isitoroke, na ngozi hiyo huishi kwa mafuta. Miaka miwili juu ya moto iliikausha kabisa. Kiptum alipoishusha mwaka wa 2010 ili kumfukuza ndege aliyekuwa akila mapapai, kijirisasi kilitoka kwa uvivu kikaanguka hatua tatu mbele yake.

Akafanya kosa la pili. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na kwa fundi wa kiwanda dawa ya kila kitu kikavu ni oili ya injini. Akaimimina. Hewa ikibanwa kwa nguvu hupata moto, na oili ile ikawaka ndani. Bunduki ililia kama radi, ikatoa moshi wa buluu, kisha ikanyamaza, naye akairudisha darini.

Njuguna alipiga simu kila Krismasi.

"Mtoto wangu hajambo?"

"Hajambo."

"Basi mlete nimwone."

"Wacha tumalize kuchuma."

"Wee Kiptum, ama umeoa hiyo bunduki? Lipa mahari tujue!"

Walicheka. Kisha simu zikawa za mwaka mmoja na kuruka mwaka. Ya mwisho ilikuwa Krismasi ya 2021.

Rodah, mke wa Kiptum, hakuelewa kwa nini asimwambie Njuguna ukweli. Alimuuliza tena Jumanne hiyo alipomwona akiishusha bunduki na kupangusa masizi.

"Baba Nelvine, mtu akikuwekea ng'ombe wake bomani mwako, na ng'ombe afe, unafanya nini?"

Kila Mkipsigis, kama Kiptum, anajua jibu. Marafiki huwekeana ng'ombe tangu zamani, ili ugonjwa au ukame usimalize mali ya mtu mara moja.

"Unampelekea mwenyewe ngozi aione."

"Na mwenyewe anakufanya nini?"

"Hakufanyi kitu. Mnakunywa chai, inaisha."

"Basi?"

"Hiyo ni ng'ombe. Ng'ombe hufa. Bunduki haifi, huuawa na mtu."

Rodah alichukua ndoo yake akaenda kukamua.

Kiptum alifanya kazi kwenye meza ya nyuma ya nyumba. Aliing'oa mbao, akaibana sehemu ya chuma kwa klampu ndefu ya seremala, kwa sababu springi hukaa ndani imejikaza hata bunduki ikiwa imelala, na ikiruka inaweza kukuachia pengo la meno. Akatoa pini, akalegeza klampu robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka springi ikaishiwa na hasira. Pistoni ikatoka nyeusi. Kikombe cha ngozi kilivunjika vidoleni kama ugali wa juzi.

Alipostaafu kiwandani alikuja na kipande cha mkanda wa ngozi wa mashine ya zamani. Akakata duara, akalilowesha kwa maji ya vuguvugu, akalisukuma kwa bolti ndani ya kipande cha paipu chenye upana kama wa silinda inamotembea pistoni, likajikunja kingo na kuwa kikombe. Akaliacha humo siku mbili. Alhamisi akapunguza kingo kwa wembe, akiupitisha kidogo na kupima, kidogo na kupima. Kisha akakizamisha kikombe katika mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, hapo hapo karibu na jiko lakini si juu yake, mpaka vipovu vikaacha kutoka. Kutoka katika ngozi hiyo hiyo akakata washa ndogo, kiduara cha kuziba pale mtutu unapokutana na silinda, kwa maana kikombe kizuri hakisaidii kitu hewa ikitorokea mlangoni.

Ijumaa alasiri alianza kurudisha kila kitu. Akaziba tundu la hewa kwa kidole gumba na kusukuma pistoni kwa mkono. Ikagoma katikati, ikarudi nyuma kama kitu chenye uhai. Akarudisha springi na mbao, akafunga, akaweka kifuniko cha soda juu ya ua, hatua ishirini. Alikipiga mara ya kwanza. Sauti ilikuwa ile ile, fupi na kavu.

"Mama Nelvine! Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa piga simu, usipige vifuniko."

Alipiga akiwa bado amesimama, bunduki kwapani, huku akicheka peke yake kwa yale atakayoambiwa.

"Hello?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Nataka Njuguna. Mwambie mtoto wake ni mzima."



"Samahani, hapa simu inaonyesha 'Bunduki'. Wewe ni nani?"

"Ni Kiptum. Wa Kaplong."

"Uncle Kiptum." Sauti ikashuka. "Mimi ni Lynn. Uncle, baba hayuko. Tulimzika mwezi wa tatu, hapa Ol Kalou."

Kiptum aliketi juu ya kuni.

"Tulipigia kila mtu kwa simu yake," Lynn alisema. "Tulipofika kwa 'Bunduki' tukaogopa. Tulidhani ni mambo ya polisi. Hatukujua ndiyo namba yako, uncle. Nisamehe."

"Hapana, mtoto wangu. Hapana." Aliangalia mkono wake, uliokuwa na mafuta mpaka kwenye kiwiko. "Aliniulizia?"

"Kila mara. Akiwa hospitali alikuwa anasema, huyo Mkipsigis hajapiga? Mama akamwambia, labda ameuza hiyo kitu. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akasema, hiyo iliharibika kitambo sana. Ingekuwa nzima, Kiptum angeileta kwa miguu."

"Alijua?"

"Alijua. Alisema hana haja nayo. Alikuwa anataka mtu wa kumtusi."

Rodah alimkuta pale pale jua likiwa limeshuka nyuma ya mikaratusi, simu imezimika mkononi. Hakumwambia lolote juu ya ng'ombe wala ngozi. Alimwondolea bunduki magotini, akaisimamisha mlangoni, akaketi kando yake juu ya kuni. Kiptum alisema mara moja tu, "Ningeenda nayo ikiwa mbovu," kisha akalia kama mtu aliyesahau namna ya kulia, kwa vipande vipande.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla umande haujakauka, aliifunga bunduki kwa gunia akaipeleka kituo cha polisi, maana mwenye cheti alikuwa amekufa. Askari wa zamu alimkemea sana kwa kukaa nayo miaka yote hiyo, kisha akafungua kitabu.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Mwenyewe ni nani wako?"

Kiptum akafikiri. "Rafiki yangu," akasema, na askari akaandika.

Alitia sahihi, akavuka barabara mpaka steji, akauliza gari la kwanza la Nakuru linaondoka saa ngapi, na kutoka Nakuru mtu hufikaje Ol Kalou.