Pingamizi Langu Dhidi ya Marehemu Mzee Marwa

Mimi husoma kila karatasi inayobandikwa ukutani, na hujivunia hilo. Daftari la awali la wapiga kura lilipobandikwa hapa Nyamongo, nililikagua na kukuta jina la Marwa Chacha Marwa, jirani ambaye mimi mwenyewe nilishika koleo kumzika. Picha nikaona ni yake ya ujanani. Nikaweka pingamizi, jina lifutwe.

Siku ya kusikilizwa, mwandikishaji akaniambia, "Mwenye jina yuko nje. Ukishinda, hatapiga kura."

"Marehemu yuko nje?" nikamcheka.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Marwa: paji lile lile, mwanya ule ule, hata bega lake la kushoto lililoinama. Nikasimama, nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Kijana akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikakumbuka na kuelewa: huyu ni mjukuu aliyepewa jina la babu kwa desturi yetu, akakulia Ikoma kwa wajomba zake, na sasa amerudi. Mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa pale pale ukutani. Huo sikuusoma.

"Marahaba, mwanangu," akajibu taratibu. "Sasa niruhusu nipige kura."