Karedio Kangu Kaliponitangulia Ukweni

Jamani, cheka taratibu. Nilinunua sokoni Rangwe karedio kadogo ka mfukoni, kanacheza nyimbo na kurekodi sauti. Kabla ya kwenda kwao mchumba wangu Akinyi kuzungumzia mahari, nilijirekodi nikifanya mazoezi, na pale mama yake angejibu, nikamwigiza kwa sauti nyembamba.

Siku yenyewe, nikitafuta sifa, nikamwambia, “Mama, sikia kwaya yetu ya kanisa.” Nikabonyeza. Badala ya kwaya, ikatoka ile sauti nyembamba: “Mwanangu, kijana mzuri hivi, ng'ombe za nini? Leta kuku mmoja tu.”

Nilipapasa nizime, nikaongeza sauti. Wajomba wakaangua kicheko.

Mama akaweka kikombe chini. “Rudisha nyuma kidogo,” akasema. “Nataka kusikia mahali nilikubali.”