Kiriba cha Mgeni Rasmi

Mama wa kitalu ana mikono yenye udongo usiotoka hata kwa sabuni. Kila anayejitolea kupanda mivengi, miti ya kutunza maji, kwenye ile chemchemi ya Iyunga iliyokaribia kukauka, lazima amrudishie kiriba, ile nailoni iliyooteshewa mche wake. "We baba, nailoni umeiacha wapi? Mzizi utapita wapi?" Jumamosi alikuja mgeni rasmi, akapanda, akapigiwa makofi, akapigwa picha, akaondoka. Mama akahesabu viriba, kimoja hakikuwepo. Akapiga magoti, akaufukua mche wa mgeni, akauvua nailoni, akaufukia tena polepole kama anayemfunika mtoto shuka. Kibao chenye jina la mgeni akakisimika palepale.

"Mama, tumwambie?" akauliza Bupe, mpandaji mwenzake.

"Aambiwe nini? Mwakani akija, akute mti."