Chai ya Siku Moja Kabla ya Usaili

Mwanangu, waliokuwapo siku ile bado nawaona wote: mimi, wadogo zangu Boay na Martha, wewe mwenyewe ukiwa mgongoni kwa Martha, na baba mkubwa, aliyekuja kutugawa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, na ndugu walishapanga. Boay angekwenda Tlawi kuchunga, Martha kwa shangazi Basotu, wewe ungebaki kwa baba mkubwa. Nilimwomba asubiri, kwa kuwa Jumanne nilikuwa na usaili Katesh, kazi ya ghala kwenye shamba la ngano. Nikipata mshahara, hakuna mtoto atakayeondoka Maretadu.

"Usaili ni Jumanne," akasema. "Jumatatu unafuata nini huko?"

"Waajiri wamealika waombaji kunywa chai, baba. Kufahamiana tu. Si lazima."

"Basi kaa. Kidato cha kwanza hukumaliza, ukanywe chai na mameneja! Utawaeleza nini, habari za kuku?"

"Nitawaeleza habari zangu."

Nilimjibu nikimtazama machoni, jambo ambalo kwetu msichana hafanyi. Sijalijutia mpaka leo.

Nakueleza haya kwa sababu jana umenipigia simu kuuliza kama uwahi Arusha siku moja kabla, kwenye hafla ya hao wanaokuita kwenye usaili, au ujifungie ndani usome. Ni mimi niliyekulea, ingawa tumetoka tumbo moja, kwa hiyo nisikilize kama mzazi.

Nilikwenda. Na nilipofika nilifanya ujinga ambao asiye wa kwetu hawezi kuuelewa. Aliyetumwa na shamba kutupokea alikuwa dada mdogo, namzidi miaka kama miwili. Mimi nililea watoto watatu, mtaa mzima ulishazoea kuniamkia. Nikakaa kwenye benchi karibu na mlango nikimsubiri aje aniamkie kwanza! Alipita mara ya kwanza, akapita ya pili. Wenzangu walimzunguka, mimi nimekaza shingo. Nilijiambia hiyo ni heshima. Ilikuwa woga wa kuulizwa cheti.

Mama Zaituni ndiye aliyeniona. Ana duka Katesh, na siku hiyo alikuwa amepewa kazi ya kupika chai. Mimi nilikuwa namnunulia maharage kwa wakulima wa huku Maretadu, kwa hiyo tulijuana. Akaweka birika chini, akaja na aproni yake.

"Paskalina, umekuja kulinda mlango?"

"Shikamoo, mama. Namsubiri yule dada amalize."

"Marahaba. Unamsubiri akuamkie, nakujua. Wadogo zako watakula shikamoo? Inuka!"

Niliinuka kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikamkabili yule dada. "Habari za kazi. Naitwa Paskalina. Cheti cha kidato cha nne sina. Niambie leo kama kesho nije au nirudi nyumbani."

Kijana mmoja nyuma yangu akacheka. "Dada, hapa si gulioni."

"Tangazo linataka kidato cha nne," yule dada akasema.

"Tangazo halijawahi kununua maharage. Mimi nimenunua miaka mitatu. Gunia lililoloa nalijua kwa kulinyanyua tu, na anayepunja kwenye mizani namjua."

Yule dada hakucheka. Aliandika jina langu. "Kesho useme hivyohivyo mbele ya wenzangu. Usiongeze kitu."

Jumanne nilisema hivyohivyo. Usimamizi wa ghala nilinyimwa, alipewa mwenye cheti. Mimi walinihamishia foleni ya kazi ya mizani, ya kupima magunia, nikaipata. Baba mkubwa aliondoka peke yake, na ninyi mkabaki.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Usiende kubembeleza, wala usijipe elimu usiyokuwa nayo; uongo wa leo kesho watakuuliza. Nenda ujue wanatafuta mtu wa namna gani, nao wakujue kabla hujakaa kwenye kile kiti cha kuhojiwa. Uwe wa kwanza kusalimia, hata aliye mdogo kwako. Atakayekuambia kwamba chai ile ni ya watoto wa wakubwa, mbele yake kunywa vikombe viwili. Mungu akutangulie njiani, akupe sauti isiyotetemeka, na mlango utakaogonga ufunguliwe na mtu mwenye haki.

Jambo moja sijawahi kukuambia. Siku ya usaili, kwenye foleni ya kazi ya mizani, nyuma yangu alisimama Zaituni, binti wa yule mama. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne. Mama yake alilijua hilo aliponiinua kwenye benchi. Zaituni hakupata. Hadi leo nikiingia dukani mama yake ananipimia sukari na kuniuliza habari za watoto, nami natoka bila kulitaja.