Gari Lililokuwa Likizimika Karuzi

Gari lile lililetwa kwenye gereji yetu Gitega likiwa zima kabisa, na hapo ndipo ilipokuwa taabu yake. Lilikuwa gari dogo la mizigo, la miaka mingi, rangi imebanduka kwenye milango. Dereva alilizima, akaliwasha, akalizima tena, na kila mara injini iliitika bila kusita. Alisimama kando akilitazama kama mtu anavyomtazama shahidi aliyemgeuka.

"Dada, mi siko muongo," aliniambia. "Hii gari inazimika njiani. Karibu na Karuzi, kwenye kupanda. Inakaa weee, halafu inawaka yenyewe."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na kazi nilijifunza huko huko. Wazazi wangu waliporudi Butihinda kulima, mimi nilikuja Gitega kutafuta gereji itakayokubali fundi mwanamke. Kwa hiyo kusikia watu wakiapa kwamba hawasemi uongo kuhusu magari yao ni jambo nililolizoea. Mara nyingi wanasema kweli. Ugonjwa wa umeme unaokuja na kuondoka haumngoji fundi.

Tuliliacha gari likinguruma uani asubuhi yote. Halikuzimika. Nilikaza waya za betri, nikasafisha fyuzi, nikabadilisha rilei ya pampu ya mafuta. Mkuu wa gereji alisema labda ni mafuta ya madumu, maana siku hizo watu walikuwa wakitia chochote walichopata. Dereva alirudi nalo Muyinga. Wiki iliyofuata alikuja tena. Lilikuwa limezimika pale pale.

Safari hiyo aliniambia lililobaki. Gari lilikuwa la kaka wa mke wake, mfanyabiashara wa Muyinga. Dereva alikuwa akipakia sabuni na vitenge mpakani Kobero, anashusha Gitega, kisha mchana anarudi na mawese na maharagwe. Kila lilipozimika alifika nyumbani usiku umeingia. Shemeji yake alilijaribu mwenyewe, akaliendesha alfajiri baada ya swala, Muyinga hadi Kobero na kurudi. Halikumsumbua hata kidogo. Basi akahitimisha kwamba dereva ana mwanamke Karuzi, akamwambia dada yake hivyo. Mke akafunga nguo zake akarudi kwa kaka yake.

"We uko fundi," alisema. "Ukiandika karatasi kwamba gari iko na ugonjwa, watakuamini."

Nilimwambia siwezi kuandika nisichokiona. Ili nikione ningelazimika kupanda naye hadi Muyinga, mchana, gari likiwa na mzigo. Alifikiri kidogo. Kisha akasema kwamba mtu anayeshukiwa kuwa na mwanamke njiani hawezi kuonekana njiani na mwanamke. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwishowe alimpigia shemeji yake simu mbele yangu, akaniachia niongee. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza ninachotaka. Akasema, "Bon, sawa. Dada yangu atakuja na ye. Atakaa katikati."

Ndivyo tulivyoondoka Gitega safari yake iliyofuata, watatu mbele. Mke alikuwa amejifunga mtandio vizuri, mkoba mapajani, amekaa wima ili bega lake lisiguse la mumewe. Mimi nilikaa dirishani. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimefungua kifuniko cha chini ya dashibodi, ilipo kompyuta ya injini, kisanduku cha bati kinachoamua lini mafuta yaingie na lini cheche ipigwe. Kwenye waya unaokipelekea umeme niliunga taa ndogo ya kupimia, nikaivuta hadi mapajani mwangu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Gari likizimika na taa ikazimika, umeme haufiki, na kosa liko njiani kwenye waya. Taa ikibaki inawaka, umeme unafika, na kisanduku chenyewe ndicho kinachokufa.

Hawakusemeshana. Walisema kupitia kwangu.

"Umuambie afungue dirisha," alisema mke.

"Dirisha ya huku haifunguke," dereva akaniambia mimi.

Nilifungua la kwangu. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati la gari, mzigo wa mawese ulitulemea nyuma, na joto la injini lilikuwa likipenya miguuni. Niliweka kiganja juu ya kile kisanduku. Tulipotoka Gitega kilikuwa baridi. Sasa kilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu.

Tulipita Karuzi mjini bila tukio. Mke aliangalia nyumba za kandokando moja baada ya nyingine, na nilijua anachotafuta. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda. Mwendesha baiskeli mmoja alikuwa ameng'ang'ania nyuma ya lori mbele yetu. Kisha injini ikakatika. Haikukohoa wala kusitasita. Ilikuwa kama mtu aliyenyamaza katikati ya neno. Dereva aliliongoza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akaachia usukani.

Taa mapajani mwangu ilikuwa ikiwaka.

Nilimwomba azungushe ufunguo. Starta ilizungusha injini, lakini ile taa ya manjano ya dashibodi, ambayo huwaka kila ufunguo unapofunguliwa, haikuwaka. Kompyuta ilikuwa imekufa huku umeme uko mlangoni kwake. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa sababu nilidhani wote wawili wanangoja niseme.

Mke aliitazama taa yangu, kisha dashibodi, kisha mumewe.

"Kumbe inazimika," alisema.

"Ego," alijibu yeye, ndiyo kwa Kirundi.

Tulishuka, tukakaa kwenye nyasi. Mke alifungua mkoba akatoa sambusa alizobeba, akanipa mimi, kisha akamnyoshea na mumewe. Kisanduku kilipopoa gari liliwaka, tukafika Muyinga giza likiwa limeshaingia.

Kesho yake, uani kwa kaka wa mke, nilifungua kifuniko cha kisanduku bila kukichomoa. Niliazima mashine ya kukaushia nywele saluni ya jirani, na tulipongoja umeme wa mtaa urudi, mwenye gari alikuja kusimama karibu, mikono nyuma. Injini ikinguruma, nilipuliza joto kwenye bodi ya saketi iliyokuwa ndani. Ilizimika. Nilipepea kwa kipande cha boksi, ikawaka. Nikapuliza tena, ikazimika tena. Kwa kioo cha kukuzia nikaona mduara mwembamba kuzunguka mguu mmoja wa soketi, risasi ya kulehemu imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Joto likiutanua, umeme unakatika. Alfajiri ya baridi kati ya Muyinga na Kobero usingeweza kutanuka.

Nililehemu upya, na miguu ya jirani nayo. Nikapuliza joto mpaka mwenye saluni akatuma mtu kuuliza mashine yake. Injini haikukatika.

"Donc, yaani siku zile zote alikuwa njiani tu," alisema mwenye gari.

"Mzee, alikuwa wapi mimi sijui," nilimwambia. "Ninachojua ni kwamba gari lilikuwa likizimika."

Aliitikia kwa kichwa. Dereva alikuwa hatua chache kutoka pale, akifunga turubai, na alisikia. Sikumwona akigeuka. Nimejiuliza baadaye kama ningeweza kumsaidia zaidi, nikaona hapana. Nilikuwa nimepima kisanduku. Sikuwa nimempima yeye.

Mke alirudi nyumbani kwake juma lile. Mumewe aliendelea na lile gari hadi mfungo wa Ramadhani ulipokwisha, kisha akarudisha ufunguo kwa heshima zote, akaenda kuendesha lori la mtu mwingine. Habari hizo nilizipata kwa mke mwenyewe, alipopita gereji akiwa Gitega kwa shughuli za harusi. Nilimuuliza kama kaka yake aliwahi kuomba radhi.

"Alituma mbuzi siku ya Idi," alisema. "Mume wangu alimpokea."

"Mkamla?"

"Iko hai bado," alisema. "Imeshazaa."