Mume Wangu Alinishukuru Kanisani kwa Maziwa Niliyomtia Jichoni

Admin, ukiiweka hii, jina langu ubaki nalo wewe. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa huku Kitui, upande wa Ikutha, na tuna watoto watatu. Mume wangu alipoteza jicho la kulia mwaka jana. Kijiji kizima kinajua aliyemharibia ni mdogo wake. Mimi peke yangu ndiye ninayejua si yeye.

Ilikuwa wakati wa kuvuna ndengu. Tulizianika kwenye turubai, mume wangu na mdogo wake wakizipiga kwa fimbo, mimi nikipepeta kando. Walikuwa wanataniana nani atachoka kwanza. Shemeji akapiga lundo, kipande cha ganda kikavu kikaruka kikamwingia mume wangu jichoni. Basi. Hakukuwa na ugomvi wowote, na shemeji ndiye alikimbilia maji.

Jioni jicho likawa jekundu. Nilikuwa nanyonyesha huyu wa mwisho, na kwetu jicho likiuma hutiwa maziwa ya mama. Mama yangu alitutia sisi, nami nimewatia wanangu, na hakuna aliyewahi kupofuka. Mume wangu akalaza kichwa mapajani mwangu nikamkamulia matone. Akacheka, "Usiambie mtu nimenyonya." Nilimtia asubuhi na jioni kwa siku tano. Shemeji alikuwa akipita kila siku akisema, "Shem, mpeleke hosi." Nami namjibu, "Wacha, inaendelea poa." Siku ya sita nikaona doa jeupe kwenye mboni, na usaha.

Hospitalini, mume wangu alipopelekwa kuoshwa jicho, daktari aliniuliza tulikuwa tumeweka nini. Nikamwambia. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema, "Mama, hiyo ilikuwa scratch kidogo tu. Mngekuja siku ya kwanza ningempatia dawa arudi nyumbani. Hiyo maziwa iliingiza uchafu, na mkakaa nayo siku tano." Akaandika kwenye faili. Mume wangu aliporudi akaniuliza daktari amesema nini. Nikasema, "Amesema tumechelewa."

Jicho lilitolewa wiki hiyo. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikafua nguo zake, nikazianika, nikapika. Hadi leo sijalia na sijui kwa nini.

Wale ndugu wawili wana mpaka wa shamba ambao haujawahi kuisha maneno. Alipopona, mume wangu akaanza kusema ile fimbo ilikusudiwa. Mwanzo alikuwa anauliza, sasa anaapa. Mdogo wake hakanyagi tena hapa kwetu, hata watoto wamekatazwa kumsalimia. Jumapili moja mume wangu akasimama kanisani kutoa ushuhuda, mkono begani mwangu. "Namshukuru Mungu kwa huyu mama. Aliniwekea maziwa yake mwenyewe. Bila yeye ningekuwa kipofu macho yote mawili." Wamama wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sasa amemshtaki mdogo wake polisi, na shahidi ni mimi. Juzi shemeji alinikuta kisimani. Hakunisalimia kwa utani kama zamani. Alisema, "Shem, wewe ulikuwa hapo. Sema tu vile uliona." Nikamwambia nilikuwa napepeta, vumbi lilikuwa jingi, sikuona vizuri. Aliniangalia kidogo, akanibebea mitungi akaifunga kwenye punda, akakaza kamba, akaenda zake.

Nikisema ukweli, sijui kama nitabaki na ndoa, maana mwanaume huyu ananipenda kwa kitu kile kile kilichomtoa jicho. Nikinyamaza, mtu ambaye hana kosa atafungwa, na ana watoto wadogo kama wangu. Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie pia kwamba sikujua, hilo najiambia kila siku na halinisaidii.

Tunaenda kuandikisha taarifa Alhamisi. Mume wangu ameshanifundisha maneno ya kusema: kwamba walikuwa wamekosana asubuhi, kwamba mdogo wake aliinua fimbo akimwangalia usoni. Hunirudisha nyuma nikikosea. Nimeyashika yote, na jana nilipoyasema mwanzo hadi mwisho aliniambia, "Hapo sawa, mama watoto," akanishika mkono. Ninyi mlio na akili iliyotulia, niambieni, Alhamisi nifanye nini?