Mwalimu Aliyesikika Mtaa Mzima

Kwetu Machakos mwalimu wa tuisheni huchaguliwa kwa masikio. Mzazi huketi nje akichambua mboga, mwalimu yuko sebuleni na mtoto, na kelele zikitoka dirishani basi kazi inafanyika. Asiyesikika huitwa mvivu. Ndivyo wifi yangu alivyotupatia bwana mmoja mwalimu, nje ya kanisa, watu wote wakisikia: "Huyo akifundisha, hata majirani wanapita mtihani!"

Akaja na tai yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akala muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe na kuusifu. Binti yangu alikuwa gredi ya sita, hesabu zikimtoa jasho, mtihani ukimkaribia. Shuleni wenzake walikuwa wameshaanza kumwita mzito, naye alikuwa ameanza kuamini. Hilo ndilo lililoninyima raha, si maksi. Nilitaka mtu wa kumwondolea neno hilo kabla hajalizoea.

Na kelele kweli zilikuwepo. "Nusu ya nusu ni ro...?" mwalimu alinguruma. "Bo!" binti yangu akamalizia. "Ni nini?" "Robo!" "Tumeelewa?" "Ndiyo!" Mume wangu, aliyekuwa kibarazani akipaka viatu rangi, alitabasamu peke yake.

Mvua zilipokaribia, nilikuwa nikipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, ndengu za mbegu za kumpelekea susu, mama yangu, huko Masii. Nikamwita binti yangu anisaidie.

"Pima nusu ya gorogoro," nikamwambia. "Hiyo nusu uigawe mara mbili, moja iwe ya susu. Sasa susu atapata sehemu gani ya gorogoro?"

Alisimama na mkebe mkononi, hazitazami ndengu. Alikuwa ananitazama mdomo. Mwanzoni sikuelewa, kisha damu ikanichemka. Mtoto alikuwa anasubiri nianze neno ili alimalizie! Jumamosi zote zile hakuwa amefundishwa kugawa kitu chochote. Alikuwa amefundishwa kumtazama mtu mzima mdomo.

Bwana wa tai alipokuja tena, nilimweleza niliyoyaona. Nilitarajia angalau aone haya. Akakoroga chai yake, binti yangu akiwa ameketi papo hapo mbele yake, akasema, "Mama, mimi nimefanya yangu. Hii mtoto haina kichwa ya hesabu. Itafutie kitu ya mikono, hata ususi."

Asi! Nani aliyempa ruhusa? Amkaririshe mtoto miezi yote hiyo, amnyang'anye kila jibu kabla hajalifikia, halafu amgeuzie yeye lawama akiwa anamsikia! Na wasusi je, wao wanagawa nywele bila hesabu? Nilifungua mlango nikamwonyesha njia. Hata chai sikumwachia aimalize. Wifi alinipigia simu jioni hiyo hiyo kunilaumu eti nimemwaibisha mtu wa watu. Aibu ya binti yangu hakuiulizia. Mpaka leo nikikumbuka simu ile nasikia hasira upya.

Mwalimu wa pili nilimchagua kwa macho. Alikuwa msichana mpole wa kutoka Katelembo, aliyemaliza chuo cha ualimu akawa bado anangoja kuajiriwa. Nilimwekea mezani gorogoro na mfuko wa ndengu, nikaketi palepale, na mume wangu nikamketisha kando yangu. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mboga mkononi.

Msichana aliuliza swali lile lile, taratibu. Kisha akanyamaza.

Sebule yetu haikuwa imezoea kimya. Nje jirani alikuwa anatwanga kitu, tukamsikia vizuri kabisa. Binti yangu alimtazama mwalimu mdomo, mdomo haukufunguka. Akanitazama mimi. Mume wangu akavuta pumzi kuanza, "Ro...", nikamkanyaga mguu.

"Mwalimu, mbona hausemi?" binti yangu akauliza.

"Nakungoja," akajibu yule msichana. "Hatuna haraka."

Binti yangu akachukua mkebe. Akamimina ndengu, akazitazama, akarudisha kidogo mfukoni. Akagawa, akachungulia ndani, akakunja uso. Mimi sikuweza kuvumilia tena, nikasogea mbele kumsaidia.

Aliinua kiganja kunizuia, bila kunitazama.

"Bado, mami," akasema. "Ngojeni kwanza."